Usikague Choo, Kagua Njia

Mkamwana wangu Atupele, afisa afya pale mpakani Tunduma, amenifikishia ujumbe kupitia kwa mke wangu kwamba ninyi vijana wa idara mnataka niwaandikie kazi yetu ilivyokuwa zamani. Nimekubali haraka, maana tangu nistaafu mke wangu amechoka kunikuta jikoni kwake nikikagua. Juzi alinifuma nimeinama juu ya ndoo ya maji ya kunywa, nanusa. Akanikumbusha kwamba barua ya kustaafu nilishaipokea na kwamba yeye hakutajwa humo kama eneo langu jipya la kazi. Ameniwekea meza kibarazani, akanipa kalamu, na nimeambiwa nisinyanyuke mpaka chakula kiive.

Habari za vyeo siandiki. Vilikuja vimechelewa, vikanikuta nimeshazoea kuishi bila vyenyewe. Mishahara nayo naiacha, kwa kuwa yenyewe ndiyo iliyokuwa ikiniacha mapema kila mwezi. Nitaandika habari za vyoo. Kama kuna anayekula wakati anasoma, amalize kwanza.

Nilianzia kazi Ileje, upande wa Itumba, wakati barabara ya kule ilikuwa bado inafikiria kama iwe barabara au mto. Nilishushwa na lori la mbolea nikiwa na sanduku la bati na koti jeupe nililopewa chuoni. Mimi ni Mnyiha wa Hasamba, nimekulia misheni, na koti lile nililivaa tangu asubuhi ili nisije nikafika watu wasijue nani kafika. Bwana Afya niliyekuja kumsaidia, Mzee Sichone, Mnamwanga mrefu asiyependa maneno, nilimkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa anaziba pancha ya baiskeli. Alinitazama toka juu hadi chini, akaniuliza kama nimeleta mikate.

Siku hiyohiyo alinikabidhi vitendea kazi: koleo, tochi, na fito yenye alama za kisu ya kupimia urefu wa shimo. Koti aliniambia nilitunze kwa ajili ya sherehe. Nilifikiri ananionea wivu. Kesho yake nikalivaa tena, tukaingia kitongoji cha kwanza, na nikaona watu wazima wakikimbia kupita kwenye mahindi. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba koti jeupe kwa watu wale lilikuwa na maana moja tu, nayo haikuwa matibabu.

Maana enzi hizo, vijana, kazi yetu iliitwa elimu ya afya, lakini elimu yenyewe ilitembea na mgambo wawili. Mtendaji alitangulia, mgambo wakafuata, mimi nikaja nyuma na fito. Asiye na choo alipelekwa ofisini na kutozwa faini kwa sheria ndogo. Watu nao walishausoma mchezo wetu. Kulikuwa na baba mmoja ambaye kila tukifika tulimkuta na jembe mkononi, amesimama pembeni ya shimo la kufika magotini, jasho linamtoka. Kila mwaka alikuwa ndiyo kwanza anaanza. Kulikuwa na choo kimoja kizuri ambacho kaya tatu zilituonyesha kwa zamu kwamba ni chao, na sisi tulikisifia mara zote tatu. Nilisimamisha fito yangu mle ndani na kusema kina kimeridhisha.

Mzee Sichone hakuhangaika hivyo. Alifika kwenye mji wa mtu, akasalimia, akaulizia viazi vimekuaje, akanywa togwa, akaaga. Choo hakufungua. Mwanzoni nilimwona mvivu, nikamwuliza tukiwa njiani, kwa adabu lakini kwa namna ya kumfanya aone kwamba nimeona. Akasimamisha baiskeli.

"Usikague choo," akasema. "Kagua njia ya kwenda chooni. Choo mtu anaweza kukijenga kwa ajili yako. Majani hayawezi kulala kwa ajili yako."

Akimaanisha kwamba kama njia ina majani mabichi, hakuna anayekwenda huko, hata choo kiwe na mapazia. Ni somo fupi kuliko yote niliyowahi kupewa, na nililishika kwa moyo wote. Ndilo lililonipoteza.

Mzee Sichone alihamishiwa Tunduma, nikabaki na baiskeli yake na kata nzima. Katika kata ile palikuwa na mji mmoja ulionikosesha raha. Ulikuwa juu kabisa ya kitongoji, karibu na chemchemi ambayo watu wote wa chini walichota maji, na mimi nikiwa mmoja wao, maana nyumba niliyopanga ilikuwa huko chini. Mwenye mji alikuwa Mzee Ambakisye, Mndali, mzee wa kanisa, mwenye wana watatu waliooa na kujenga humohumo. Mke wa yule mwana mdogo aliitwa Tumpe. Mtoto wake wa kwanza alikufa kwa kuhara kabla sijafika. Wa pili, binti aliyeitwa Neema, kila mvua zikianza alikuwa anabebwa kupelekwa zahanati, na kila aliporudi alikuwa mwepesi kuliko alivyokwenda. Nilimwogopea mtoto yule. Nilikuwa nimeshaona watoto wengi wa namna ile na nilijua safari zile mwisho wake huwa wapi.

Choo cha mji ule kilikuwa kimebomoka. Nikapanda mlima nikiwa na maneno makali tayari mdomoni, na Mzee Ambakisye akanikatisha tamaa kwa kukubali kila kitu. Miezi miwili haikupita, choo kikasimama. Jamani, kile kilikuwa choo. Tofali za kuchoma, bamba la zege lililobebwa mabegani kutoka Itumba, bati jipya wakati nyumba yake yeye bado ilikuwa ya nyasi, mlango wenye kufuli, na kuta zilizopakwa chokaa. Pande zote mbili za njia wakamwaga mawe meupe na kupanda maua. Nikamwomba mzee akifungue rasmi, yeye kama baba wa mji, awe mfano. Akaingia mbele ya watu wote na kofia yake kichwani, akakaa humo muda wa kutosha, akatoka. Tukapiga makofi.

Kuanzia hapo nikawa na mahali pa kupeleka wageni. Nilileta wa wilayani, nikaleta wa mkoani, nikaleta na mgeni wa shirika moja la nje ambaye, baada ya barabara ile, aliomba akitumie kweli. Mzee Ambakisye siku hiyo alishinda anaimba nyimbo za kanisani. Kila nilipofika niliangalia njia, kama nilivyofundishwa. Ilikuwa nyeupe, ngumu, hakuna hata jani. Nikaandika kwenye taarifa zangu kwamba choo kinatumika vizuri sana.

Na Neema akaendelea kuumwa.

Nikamgeukia mama yake. Nilimfundisha Tumpe kunawa mikono, nikamfundisha tena, halafu nikamfundisha kana kwamba sijawahi kumfundisha. Alisikiliza ameinamisha macho, akaitikia ndiyo, na akanawa. Nikamwambia achemshe maji, akachemsha. Nikamsimamia akiosha vyombo, nikamkuta anaosha vizuri kuliko kwangu. Kwangu mwenyewe hali haikuwa ya kujivunia. Mke wangu alishaanza kusema kwamba nyumba ya Bwana Afya inakwenda uani kuliko nyumba zote za kata, na akaniuliza kama hiyo nayo ni ya mfano.

Wakati huo ndipo mambo ya kazi yetu yalipoanza kugeuka. Tuliitwa semina Vwawa. Tukakalishwa kwenye viti vilivyopangwa duara, tukapewa kalamu za rangi na kadi za kubandika ukutani, na kijana mmoja mwenye suruali iliyonyooshwa akatuambia tuache kuamuru, tuanze kuuliza. Mgambo wapumzike. Mwanakijiji ndiye mtaalamu wa maisha yake. Sisi tuliozoea fito tulitazamana. Nilikuwa na hasira kidogo, maana nilikuwa nimeuliza siku zote: choo kiko wapi? Lakini chakula cha semina kilikuwa kizuri, nikarudi Ileje nimeamua kujaribu, hata kama ni kwa ajili ya kuthibitisha kwamba njia hiyo haifai kitu.

Zana ya semina ile ilikuwa majivu na punje za mahindi. Unakusanya watu uwanjani, wanawake kivyao na wanaume kivyao, wanachora kijiji chao chini kwa majivu: nyumba, kanisa, chemchemi, njia. Halafu kila mtu anaweka punje pale anapokwenda kujisaidia. Nililifanyia kwenye uwanja wa kanisa. Wanawake walicheka mpaka nikafikiri zoezi limekufa, lakini punje zikaanza kushuka. Tumpe akaweka yake kwenye vichaka vya juu, hatua chache tu kutoka chemchemi. Wake wa wale ndugu wengine wawili wakaweka hapohapo. Nikadhani hawakuielewa ramani.

Nikaenda kwa wanaume. Mzee Ambakisye alikuwa ameshaweka punje yake kwenye mianzi, upande wa pili wa chemchemi. Kwenye choo cha tofali na maua hapakuwa na punje hata moja, upande wa wanawake wala wa wanaume. Niliwahesabia watu wa mji ule mmoja mmoja kichwani, nikakosa anayebaki. Nikarudi kwa wanawake, nikauliza kwa sauti ya kawaida, kama nilivyofundishwa semina: hiki choo sasa kinatumiwa na nani?

Wakaanza kuvuta pembe za kanga kufunika midomo. Mwishowe Tumpe akasema, macho yakiwa kwenye majivu.

"Ni chako, Bwana Afya. Wewe na wageni wako."

Njia ile nyeupe tuliikanyaga sisi wakaguzi.

Sasa nieleze, kwa wale mliokulia mjini. Kwa Wandali, na kwa majirani zao wengi, mkamwana na baba mkwe wake hawakutani. Akimwona anakuja, anapinda njia. Hasemi naye ana kwa ana, na pale alipokaa mzee yeye hakai. Kama hakai kwenye kigoda chake, mtafikiria wenyewe kuhusu choo chake. Kwetu Unyiha heshima hiyo nayo ilikuwapo, lakini pale misheni tulipokulia ilikuwa imelegea, nikawa najua jina lake bila kujua uzito wake. Siku ile nilipomtia mzee ndani mbele ya mashahidi, niliwafungia wake za wanawe mlango kwa nguvu kuliko lile kufuli. Na mzee, alipoona hawaendi, akaona aibu kwamba amewanyima choo, akakiacha wao wakitumie na kuhamia kwenye mianzi. Wao na waume zao walipoona mzee haendi, wakajua anakitunza kwa ajili ya wageni. Yeye hakuweza kuwauliza, na wao hawakuweza kumwambia. Kazi waliyoweza kufanya kwa pamoja ilikuwa kufagia njia na kumwagilia maua.

Nilikuwa na hotuba tayari. Nilitaka kuwaambia kwamba vijidudu havijui nani ni mkwe wa nani. Lakini nilimtazama Tumpe, ambaye nilikuwa nimemfundisha kunawa kama mtu asiye na akili, na hotuba nikaiacha. Nikamwuliza yeye angetaka iweje. Alijibu papo hapo, maana alikuwa na jibu tangu zamani na hakuna aliyemwuliza: shimo lingine, nyuma ya jiko la wanawake, mbali na maji, na mzee asiujue hata mlango wake. Mwongozo wetu ulisema kaya moja choo kimoja. Nikaamua kwamba mwongozo haujawahi kuolewa Ileje.

Nikabaki na kazi ya kumweleza Mzee Ambakisye. Nilizunguka sana, nikaanzia kwenye viazi kama Mzee Sichone, nikapitia kwenye mvua. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo muda wote huu tulikuwa tunaachiana," akasema.

Nikamwambia ndiyo.

"Na mtoto anaumwa kwa heshima yetu."

Akasimama, akawaita wanawe, na shimo likaanza kuchimbwa kabla sijafika chini kwangu. Yeye mwenyewe hakugusa jembe, maana akigusa tu kingekuwa chake na tungerudi tulikotoka. Lakini hakuweza kukaa mbali pia. Akaweka kigoda uwanjani, akalipa shimo mgongo, akatazama milima, na akawa anatoa amri kuhusu urefu wa shimo kwa kuipigia kelele Malawi, ng'ambo ya mpaka. Wanawe walichimba nyuma yake wakicheka kwa kujificha.

Choo cha wanawake kilikuwa kibaya. Udongo, nyasi, gunia badala ya mlango, na kilisimama kimeinama kidogo kama mtu anayesikiliza. Sikuwahi kupeleka mgeni hata mmoja. Lakini njia yake ilitokea ndani ya wiki, na mvua zilizofuata Neema hakubebwa kwenda zahanati. Nilipita pale makusudi mara nyingi, nikisingizia viazi. Siku moja nilimkuta anamkimbiza kuku kuzunguka nyumba, ana mashavu. Nilishuka mlima nikisukuma baiskeli, sikuipanda, kwa sababu machozi na mteremko ule havifai pamoja.

Baadaye nami nikahamia Tunduma, na huko mnakujua wenyewe. Malori, foleni, watu wa nchi zote, na kila ugonjwa ukisikika mahali, sisi ndio tunaoulizwa kama umeshapita. Kazi ikawa ya vipaza sauti, kisha mabango, kisha ndoo za kunawia, kisha ujumbe wa simu. Tuliweka ndoo na sabuni karibu na foleni ya mpakani, sabuni ikaibwa. Tukaifunga kamba, ikaibwa na kamba. Tulipoimaliza vita ya sabuni, tukaona watu bado hawanawi. Wenzangu wakataka kuongeza mabango. Mimi nikamwendea mama mmoja wa Nakonde, upande wa Zambia, aliyevusha dagaa kila siku. Akanisalimia "mulishani mukwai," nikajibu kwa Kibemba changu kibovu, akaniambia bila kuficha kwamba mwenye kutoka kwenye foleni kwenda kunawa akirudi anakuta nafasi yake imechukuliwa. Tukahamisha ndoo zikaingia ndani ya foleni. Watu wakanawa. Kule Ileje ilikuwa majani, pale ilikuwa foleni, ila kitu cha kukagua ni kilekile.

Sasa nifike nyumbani, nimalize, naanza kusikia harufu ya maharage.

Nilipokaribia kustaafu nilijenga hapa Vwawa, na nikajiwekea choo cha ndani, cha vigae, cha kuvuta maji. Kila mgeni nilimwonyesha, mazoea. Mwaka huu mwanangu Amani na mkewe Atupele wamehamia kwetu wakati wanajenga. Atupele ni binti wa Ileje, ana shahada ya afya ya jamii, na somo lake ni mabadiliko ya tabia. Kila asubuhi anakwenda Tunduma, jioni anarudi, na kwenye simu namsikia akiwafundisha wenzake mambo ambayo sisi tulichukua miaka kuyaokota. Najivunia sana binti huyu. Ni mjamzito, na ndiye atakayetuletea mjukuu wa kwanza.

Mwezi uliopita nilikuwa napalilia maharage nyuma ya nyumba, nikaona njia. Nyembamba, nyeupe, imepita katikati ya maharage yangu, ikatoboa uzio, ikaenda kwa jirani. Nilisimama na jembe langu. Sikuhitaji kuifuata. Njia ile ilikwenda kwenye choo cha shimo cha jirani yetu, na ilikanyagwa na miguu ya mtu mmoja. Mvua zilikuwa zinakaribia, udongo wetu unateleza, na mkamwana wangu alikuwa anapita pale na tumbo lile, asubuhi na giza, wakati mimi niko ndani kwenye vigae.

Nikaenda kwa mke wangu. Alicheka mpaka akaketi.

"Umegundua leo?" akaniuliza. "Na wewe ndiye ulikuwa Bwana Afya?"

Nilidhani jambo lile limebaki kule milimani, au linaishia pale shahada inapoanzia. Nikamtuma mke wangu aulize, kwa upole, inakuwaje mtaalamu wa mabadiliko ya tabia anatoboa uzio. Jibu likaja kwa njia ileile: "Mwambie baba namheshimu. Chuoni nilijibu mtihani, hapa nimeolewa."

Kesho yake mafundi walikuja. Mke wangu aliwaonyesha mahali nyuma ya jiko, mimi sikusogea. Niliweka kiti hapa kibarazani, nikawapa mgongo, nikaitazama barabara ya Tunduma, na nikawa napiga kelele kuhusu urefu wa shimo. Fundi mmoja aliuliza huyu mzee anagombana na malori ya nini. Nilimkumbuka Mzee Ambakisye, Mungu amlaze pema, nikacheka peke yangu.

Kimekwisha. Katika maisha yangu yote ndicho choo pekee ambacho sijakikagua. Sijui mlango wake una rangi gani, wala kama mfuniko umekaa sawa. Ila kila asubuhi nikipeleka majani kwa ng'ombe, napita pembeni ya jiko na kuangalia chini. Upande wa jirani maharage yameanza kufunga ile njia ya zamani. Upande wa jiko, majani yamelala.